Kigimbi kinakaza saa nane usiku na nimelala tu, kwanini?

Kaka mmoja wa Mwanza kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Dokta shikamoo. Mi ni saidia fundi, siku za kumwaga slabu napandisha zege na karai toka asubuhi mpaka jioni. Mchana niko fiti kabisa, ila usiku kama saa nane kigimbi cha kulia kinakaza ghafla kinakuwa kama jiwe, nakaribia kulia, mke wangu anaamka ananivuta kidole gumba mpaka kinaachia. Kazini mmoja kasema ni gesi, mwingine kasema ni asidi ya uchovu, mwingine kanishauri ninywe maji ya chumvi. Naomba unieleze msuli unakazaje haswa, na kwanini unikaze nimelala wakati sifanyi kazi yoyote?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mi si dokta, ni mtu wa fiziotherapia, wagonjwa wangu wananiita mama mazoezi na hilo jina nishalizoea. Jibu fupi: gesi haihusiki, asidi haihusiki, chumvi inaweza kuhusika kidogo. Kilichopo ni neva ya kigimbi inaendelea kutoa amri ya "vuta" wakati hakuna aliyeiomba. Ila umeuliza msuli unakazaje haswa na hilo swali nalipenda, kwa hiyo kaa chini.

Wewe uko Mwanza, umeshaona kokoro, ule wavu mrefu wa samaki, linavutwa ufukweni (najua limepigwa marufuku, ila umeliona). Watu wamejipanga kwenye kamba, kila mmoja anashika, anavuta kwa kurudi nyuma, akifika mwisho wa foleni anaachia anatembea mpaka mbele karibu na maji anashika tena. Kamba haisimami kwa sababu huyu akiachia wenzake wameshika. Basi msuli ni hivo hivo. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo kuna vyumba vidogo vimepangwa kimoja baada ya kingine, kwenye milimita moja tu vinakaa kama mia nne. Kila chumba kina kamba za protini inaitwa aktini, na kati ya hizo kamba kuna protini nyingine inaitwa mayosini yenye vichwa vingi vinavyochomoza pembeni, hivyo vichwa ndo wavuvi. Kichwa kinashika aktini, kinajikunja na kuivuta, kinaachia, kinashika mbele. Mvuto mmoja wa kichwa kimoja ni kama sehemu moja ya milioni ya sentimita, kitu cha kuchekesha kabisa, lakini uzi mmoja wa kigimbi wenye sentimita tano una vyumba kama elfu ishirini kwa urefu na vyote vinafupika kwa pamoja, ndo unaona kisigino kinanyanyuka na karai la zege juu ya kichwa.

Na uone hapo kwamba kamba zenyewe hazifupiki. Zinateleza tu, moja inaingia katikati ya nyingine. Hili jambo lilijulikana mwaka 1954, timu mbili tofauti zikaandika kwenye jarida moja wiki moja, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke na nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, na hao Huxley wawili wala si ndugu, wanafunzi wangu kila mwaka wananibishia.

Sasa nani anawaambia wavuvi waanze kuvuta? Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka uti wa mgongo, inafuata neva mpaka kwenye msuli. Neva haijaungana na msuli kama waya na balbu, kuna upenyo mdogo sana, pale neva inamwaga kemikali inaitwa asetilkolini, hiyo ikigusa msuli inafungua milango ya sodiamu na umeme unasambaa juu ya uzi mzima na kuzama ndani. Kule ndani kuna vifuko vimehifadhi kalsiamu, umeme ukifika vinafunguka, kalsiamu inamwagika. Na kalsiamu ndo ufunguo wenyewe, maana msuli ukipumzika kamba za aktini zinakuwa zimefunikwa na protini nyingine kama utepe, vichwa vinatamani kushika ila havipati pa kushika, kalsiamu ikija utepe unasogea pembeni na wavuvi wanaanza kazi. Neva moja ya kigimbi inaamrisha nyuzi elfu moja hata zaidi kwa mkupuo, wakati kwenye misuli ya jicho neva moja ina nyuzi kama kumi tu, ndo maana jicho linafuata nzi anayeruka na kigimbi hakiwezi ufundi huo.

Asetilkolini nayo haiachwi pale izagae, kuna kimeng'enya kinaivunja papo hapo. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu shambani zinakizuia hicho kimeng'enya, mtu aliyevuta hiyo dawa misuli inachezacheza chini ya ngozi, mate yanamtoka, baadaye anashindwa hata kupumua. Nimeliweka hapa kwa sababu wengi mnapuliza dawa bila barakoa.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho watu wengi hawakijui na ndo nataka ukielewe vizuri, yaani kuachia nako kunakula nguvu. Sisi tunadhani kukaza ni kazi na kulegea ni mapumziko, kumbe mwili una mafuta yake, kama petroli ya gari, yanaitwa ATP na hayo mafuta yanatumika pande zote mbili. Kichwa cha mayosini kikishavuta kinabaki kimeng'ang'ania pale pale, hakiachii mpaka ATP mpya ije ikiguse. Ikiingia kinaachia, ikivunjwa kichwa kinajitega upya kama mtego wa panya, tayari kwa mvuto mwingine. Na ile kalsiamu iliyomwagika lazima irudishwe kwenye vifuko, inarudishwa kwa pampu, na pampu nazo zinaendeshwa na ATP hiyo hiyo.

Ushahidi uko kwa mbuzi wa sikukuu. Akishachinjwa na kuchunwa, ukitazama paja lile la moto utaona nyama inatetemeka yenyewe, watoto wanakimbia wanasema mbuzi hajafa. Amekufa, ila misuli bado ina ATP kidogo na neva zinatoa amri za mwisho mwisho. Subiri masaa kadhaa, ATP imeisha, kalsiamu imevuja, vichwa vyote vimeshika na hakuna cha kuviachisha, paja linakuwa gumu kama ubao. Akina mama wa zamani walijua, nyama unaipika ikiwa bado ya moto au unaiacha mpaka kesho yake, ukiipika pale katikati ilipokakamaa meno yatakoma. Maiti ya binadamu ni hivyo hivyo, inaanza kukakamaa baada ya masaa machache, inafika kilele baada ya masaa kama kumi na mawili hivi, halafu inalegea siku inayofuata au ya pili yake kwa sababu protini zenyewe zinaanza kuvunjika, na kwenye joto letu hayo yote yanaenda haraka zaidi.

Kwa hiyo kigimbi chako saa nane usiku kimekosa ATP kama paja la mbuzi? Hapana, na hapa hata watu waliosoma wanachanganya. Ukiweka kifaa cha kupima umeme kwenye msuli wa maiti ni kimya kabisa. Ukikiweka kwenye kigimbi kilichokaza kuna kelele tupu, neva inafyatua amri mfululizo. Mafuta yapo, wavuvi wako sawa, tatizo nahodha anapiga kelele "vuta vuta vuta" na hanyamazi.

Kuna ugonjwa unaoonyesha hili kwa ukatili, pepopunda. Yule mdudu wake anaingia kwenye kidonda kichafu, msumari wa kutu au kitovu cha mtoto kilichokatwa na wembe mchafu, sumu yake inapanda kwenye neva mpaka uti wa mgongo na pale haiongezi amri, inakata breki. Maana kwenye uti wa mgongo kila neva inayoamrisha msuli ina neva nyingine za kuinyamazisha, breki zikikatwa kila mlio mdogo au mwanga unatosha kumkaza mgonjwa mwili mzima, taya linafunga, mgongo unapinda. We ni saidia fundi unatembea juu ya mbao zenye misumari, kama hukumbuki lini ulichoma chanjo ya pepopunda nenda kachome.

Haya, mafuta yanatoka wapi. ATP iliyopo kwenye msuli ukiamka ghafla ukakimbia inatosha sekunde mbili tatu tu. Baada ya hapo kuna akiba ya haraka inaitwa kreatini fosfeti, inakusogeza mpaka kama sekunde kumi. Omanyala, yule mkimbiaji wa Kenya, pale Kasarani mwaka 2021 alikimbia mita mia kwa sekunde 9.77, mbio nzima sehemu kubwa imeliwa na hiyo akiba, mapafu yake hata yangefunga duka kwa muda huo angemaliza (natania, msijaribu). Ukipita hapo msuli unavunja sukari iliyohifadhiwa ndani yake, glaikojeni, bila kusubiri oksijeni, ni haraka ila haidumu, dakika moja mbili hivi. Kazi ndefu kama yako au ya Kipchoge wa marathoni inategemea oksijeni, sukari na shahamu vinachomwa polepole kwenye mitokondria (majiko madogo ndani ya uzi wa msuli) na hapo unaweza kwenda masaa. Glaikojeni ya misuli yote ni kama gramu mia nne, ini lina kama mia moja, ndo maana wakimbiaji wa marathoni wakifika kilomita ya thelathini na kitu bila kula chochote miguu inagoma.

Na hapo ndo mwili mzima unaingia kazini kusaidia msuli. Ukiwa umekaa moyo unasukuma lita tano hivi kwa dakika na misuli inapata kama moja tu kati ya hizo. Ukipandisha zege mishipa ya kwenye misuli inafunguka, ya tumboni inabana, moyo unaenda mbio, na kwa mtu anayefanya kazi kwa nguvu zake zote misuli inachukua zaidi ya sehemu nne kati ya tano za damu yote, kwa hiyo usishangae ukila ugali mkubwa ukapanda ngazi na karai tumbo linavuruga, damu imehama. Mapafu yanaongeza pumzi, zaidi ili kutoa hewa chafu kabla hata oksijeni haijapungua. Ini linamwaga sukari. Figo zinabana maji na chumvi. Ngozi inatoa jasho kwa sababu msuli ni injini mbovu kidogo, kati ya nguvu inayotumia kama robo tu ndo inakuwa kazi, iliyobaki yote ni joto, na ukipata baridi mwili unautumia ubovu huo huo makusudi, ndo kutetemeka. Halafu kuna hili wenye kisukari walisikie, msuli unaofanya kazi unavuta sukari toka kwenye damu hata insulini ikiwa haitoshi, ndo maana kliniki wanakukazania utembee.

Kigimbi chenyewe kinarudisha fadhila. Damu ya miguuni inabidi ipande juu mpaka kifuani na hakuna pampu kule chini, kigimbi kikikaza kinaminya mishipa na vali za ndani zinazuia isirudi, ndo sisi tunakiita moyo wa pili. Umeshaona askari wa gwaride anaanguka siku ya sherehe? Kasimama wima dakika nyingi bila kusogeza miguu, damu imetuama chini. Moyo wenyewe wa kifuani ni msuli pia, ila hauwezi kukukaza kama kigimbi, umeme wake unachukua muda mrefu karibu sawa na pigo lenyewe kwa hiyo amri ya pili ikija mapema inakuta mlango umefungwa. Bila hivyo tungekufa wote usiku mmoja.

Asidi sasa. Huyo rafiki yako wa asidi hayuko peke yake, hata makocha wanasema. Msuli ukivunja sukari haraka unatoa lakteti, hiyo mnayoiita asidi, ni kweli, lakini ndani ya kama saa moja baada ya kupumzika inakuwa imeondoka, moyo unaila kama chakula na ini linaigeuza sukari tena. Saa nane usiku haipo. Yale maumivu ya kesho yake na kesho kutwa ni michubuko midogo midogo kwenye nyuzi za msuli, na inakuja zaidi pale msuli unapokaza huku unarefushwa, yaani kushuka. Waliopanda Kilimanjaro wote wanakwambia mapaja yaliuma wakati wa kushuka na siku mbili baada. Wewe kila karai unalopandisha unashuka tena ngazi, hesabu hizo ngazi.

Turudi usiku. Ukilala chali au kifudifudi nyayo zinanyooka kama umesimamia vidole, hasa blanketi likikandamiza vidole, hapo kigimbi kiko kifupi tayari. Kwenye kano ile ya nyuma ya kisigino kuna vipima mvuto, kano ikivutwa vinatuma habari kwenye uti wa mgongo kusema "punguza amri huku". Msuli ukiwa mfupi kano imelegea na hao walinzi wako kimya. Mchana ulichosha hiyo neva na msuli wake, amri za kuvuta ziko juu, za kuzuia ziko chini, unajinyoosha kidogo tu usingizini na neva inaanza kufyatua na haiachi. Mke wako akivuta gumba anarefusha kigimbi, kano inavutwa, walinzi wanaamka, neva inanyamazishwa. Fikiria, angekuwa anatibu upungufu wa chumvi isingekuwa ndani ya nusu dakika.

Chumvi siitupi kabisa lakini. Lita moja ya jasho ina chumvi kama gramu mbili mpaka tatu, na siku ya slabu we unatoka lita nyingi halafu unakunywa maji matupu. Wachimba makaa wa Uingereza miaka ya 1920 walikuwa wanakazwa vibaya sana kwenye joto la chini ya ardhi mpaka wakaanza kuwekewa chumvi kidogo kwenye maji ya kunywa. Kwa hiyo siku za jua kali na jasho jingi weka kwenye lita moja ya maji safi nusu kijiko kidogo cha chumvi na vijiko vidogo sita vya sukari, ni ile ile ya kuharisha, unaijua. Kama una presha usijipangie, uliza kwanza. Ila chumvi haielezi yote, mchezaji anakazwa mguu mmoja dakika ya themanini na mwingine uko sawa wakati damu ni ile ile moja. Na kuna jaribio la Marekani waliwapa watu waliokazwa maji ya achari ya matango, yakawaachia ndani ya kama dakika moja na nusu, kabla hata chumvi haijaingia kwenye damu, inaonekana ule ukali wa mdomoni na kooni ndo unaishtua neva. Mzee wetu John Stephen Akhwari kule Mexico City mwaka 1968 alibanwa na misuli kwenye mwinuko wa zaidi ya mita elfu mbili ambao hakuuzoea, halafu akaanguka akaumia goti, na bado alimaliza marathoni giza limeshaingia. Uchovu na kasi, vyote vinachangia.

We fanya hivi. Kabla ya kulala simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka na kisigino chini kabisa, egemea ukuta mpaka usikie kigimbi kinavutika, kaa hapo sekunde kumi au zaidi bila kudunda, rudia mara tatu kila mguu. Hii imewahi kupimwa kwa wazee Uholanzi ikapunguza mikazo ya usiku ndani ya wiki sita, kwa hiyo usifanye siku mbili ukanirudia unasema haifanyi kazi. Blanketi lisikubane miguu. Ikikukaza, usikikande kwanza, simama weka kisigino chini au vuta unyayo wote kuja kwako goti likiwa limenyooka, ukishaachia ndo ukande polepole.

Vidonge vya magnesiamu vinauzwa sana, kwa watu wa kawaida ushahidi wake ni mdogo, hela yako nunulia maharage na ndizi. Kwinini ilikuwa inatumika zamani kwa tatizo hili na wazee wengine bado wanaipendekeza, usiijaribu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuharibu chembe za damu.

Nenda kituo cha afya kama mguu mmoja umevimba, una joto na maumivu hayaondoki hata ukinyoosha, hapo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Nenda siku hiyo hiyo kama baada ya kazi nzito mkojo umekuwa mweusi kama koka, misuli imechanika na mabaki yake yanaziba figo. Kama kigimbi kinauma kila ukitembea umbali fulani na kupoa ukisimama, mishipa ya damu inabidi iangaliwe. Na kama kuna dawa unameza, zile za presha zinazokukojosha au za kushusha mafuta, zitaje.

Mwambie shemeji asivute gumba peke yake, ashike unyayo wote kwa kiganja, asukume kuelekea kwenye ugoko, na wewe uache kupiga teke.